"Gubernatorial": hiyo B imetoka wapi wakati mwenyewe ni "governor"?

#1 Ndimu Kali
Wakuu, habari za jioni.

Uchaguzi wa Kenya ukikaribia, magazeti yao ya Kiingereza hujaa neno moja linalonichosha: "gubernatorial". Mgombea gubernatorial, mdahalo gubernatorial, tiketi gubernatorial. Maana naijua, ni chochote kinachohusu gavana au kiti chake. Ninachouliza ni hiki: mwenyewe anaitwa "governor", ana V katikati. Sifa yake inapataje B? Na huo mkia mrefu kaupata wapi? Rais ana "presidential", meya ana "mayoral", mtoto unaona kabisa kafanana na baba. Huyu wa gavana kafanana na jirani.

Nadharia yangu: mchapaji wa zamani alikosea herufi, watu wakaona aibu kumsahihisha. Wajuvi njooni.

#2 Sokwe Mstaarabu
Nimekaa siti ya mbele.

#3 Tarimbo
Mchapaji mwacheni, hana kosa. Ni neno moja lililoingia Kiingereza mara mbili, kwa njia mbili.

Shina ni la Kilatini. Gubernator ni mshika usukani wa chombo, na kitenzi chake ni gubernare. Kwa watu wa Gaul, yaani Ufaransa ya sasa, B ya Kilatini iliyobanwa kati ya irabu ililainika polepole ikawa V. Ndiyo maana habere ikawa avoir, caballus ikawa cheval, na gubernare ikawa gouverner. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, V ikiwa ndani. Hapo ndipo "governor" ilipozaliwa.

"Gubernatorial" haikupita Ufaransa. Karne nyingi baadaye watu waliosoma Kilatini darasani walilichukua gubernator kama lilivyo, B yake na mkia wake, wakalipachika "-ial". Kamusi kubwa zinaanza kulishika kwenye miaka ya 1730, tena kwenye makoloni ya Amerika.

#4 Kipanga wa Njombe
Kwa hiyo ni kama "bishop" na "episcopal"?

#5 Tarimbo
Palepale mkuu. Kigiriki ni episkopos. Waingereza walilichukua mapema, likatafunwa vinywani hadi likawa bishop. Sifa yake ilikuja baadaye ikiwa bado nzima. Na sisi "askofu" tumeipata kwa Waarabu, usquf, nao waliitoa kwa Wagiriki haohao. Kiingereza kimejaa mambo haya. Mwezi ni "moon" lakini chombo cha kwenda huko ni "lunar". Mdomo ni "mouth" lakini mtihani wa kusema ni "oral".

#6 Mwalimu Mstaafu
Tarimbo umeeleza njia, hujaeleza sababu. Nimefundisha Kiingereza sekondari maisha yangu yote ya kazi, na msimamo wangu ni kwamba hiyo B ni majivuno. Wasomi wa Kiingereza walikuwa na maradhi ya kutaka ijulikane kwamba wanajua Kilatini. Tazama "debt" na "doubt". Zilitoka Ufaransa bila B yoyote, dette na doute. Wakachomeka B kwa nguvu ili zifanane na debitum na dubitare. Wanafunzi wangu wameitamka hiyo B miaka yote na wenzao wakawacheka, kumbe wao ndio walikuwa waaminifu kwa maandishi.

Waliokuwa tayari kuichomeka B isiyotamkika wangeshindwaje kuitia kwenye neno jipya kabisa?

#7 Tarimbo
Mwalimu shikamoo. Hapo naona umechanganya mambo mawili. Kwenye "debt" waliharibu tahajia ya neno lililokuwepo. Kwenye "gubernatorial" hakukuwa na neno la kuharibu, walikuwa wanaunda jipya. Na B yake inatamkwa.

#8 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Sijachanganya. Ugonjwa ni uleule, dalili ndizo mbili.

#9 Baharia wa Chumbageni
Niingilie. Nimepanda meli za Wagiriki miaka mingi. Herufi yao ya pili, beta, wao wanaitamka V. Serikali kwao ni kyvernisi, inaandikwa kwa beta na masikio yanasikia V. Kwa hiyo hapa hakuna siri ya Wafaransa wala Wanormani. Kwa Mgiriki B na V ni herufi moja, na neno hili ni lake. Kila aliyelikopa kachukua sauti anayoitaka.

#10 Tarimbo
Ni kweli neno ni la Kigiriki, Waroma walilikopa: kybernetes, mshika usukani. Lakini Mfaransa hakufundishwa V na Mgiriki. Lugha zote mbili zililainisha B zao, kila moja kivyake na kwa wakati wake.

#11 Baharia wa Chumbageni
Kivyake kivyake, neno lilelile, sauti ileile. Haya.

#12 Bi Shumi
Mimi hapo kwenye kukopa ndipo mmeniacha. Kybernetes ina K. Gubernator ina G. Hiyo nayo imelainishwa na nani?

#13 Mzee wa Pembezoni
Bi Shumi, umegusa panapouma. Wapo wanaosema Waroma hawakulipata kwa Wagiriki moja kwa moja, lilipitia kwa Waetruski, majirani zao wa kaskazini. Waetruski lugha yao haikutenganisha K na G, kwa hiyo neno likipita kwao linaweza kutoka upande wa pili limebadilika.

Wengine wanasema huna haja ya Waetruski. Waroma wenyewe walizoea kuisikia K ya Kigiriki kama G kwenye maneno ya sokoni na baharini. Gundi za miti Wagiriki waliziita kommi, Waroma wakasema gummi. Kuna samaki mdogo wa Kigiriki kobios, Roma akawa gobius. Mimi naegemea hao wa pili. Maneno ya aina hii hayafundishwi na walimu, hufundishwa na mabaharia.

Na ukiuliza Wagiriki nao walilitoa wapi, hapo wataalamu wanagawanyika kabisa. Kundi moja linasema ni neno la watu waliokaa nchi ile kabla ya Wagiriki kufika.

#14 Sokwe Mstaarabu
Mimi nimeshalijua. KYBER = KUBWA. Kybernetes ni "kubwa-neti", mkubwa wa wavuvi. Wagiriki walifika Kilwa wakatuibia. Fungeni uzi.

#15 Kipanga wa Njombe
😂😂 Huyu apewe uprofesa leo hii.

#16 Mzee wa Pembezoni
Utani huo, lakini kuna vitabu vizima vimeandikwa kwa mtindo wa Sokwe, na vina wasomaji kuliko kamusi.

#17 Wa Kilindini
Nimesoma kutoka juu. Kuna aliyenitumia uzi huu kwa WhatsApp akiandika "gavana maana yake nahodha". Hapana jamani. Sisi wa chomboni tunatenganisha. Nahodha ndiye mkuu wa jahazi, safari na mzigo viko juu yake. Mshika usukani ni mwingine, anashika anapoambiwa. Rubani ni yule anayejua mikondo na miamba, anayekupitisha mlangoni mwa bandari. Siku hizi karuka angani, lakini kaanzia majini. Serahangi ni msimamizi wa mabaharia. Sasa huyo gubernator ni yupi kati ya hawa?

#18 Tarimbo
Swali zuri kuliko la mwenye uzi, samahani Ndimu. Kybernetes alikaa tezi, nyuma kabisa, akishika makasia makubwa ya kuongozea. Lakini hakuwa mtumwa wa kushika tu, alisoma upepo na nyota na neno lake lilisikilizwa. Kwa hiyo ni mshika usukani mwenye ujuzi wa rubani. Mwenye chombo aliitwa naukleros.

Nahodha tumeitoa kwa Waajemi, nakhuda, yaani bwana wa chombo. Kwa asili yake basi nahodha analala upande wa naukleros.

#19 Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Hao wawili wako pamoja kwenye Matendo ya Mitume 27, safari ya Paulo kwenda Roma. Paulo anaonya kwamba safari ina madhara. Akida anawasikiliza watu wawili kuliko Paulo: kwa Kigiriki ni kybernetes na naukleros, kwa Biblia ya Kilatini gubernator na nauclerus, na kwa Biblia yetu ya Kiswahili ni nahodha na mwenye merikebu. Kwa hiyo mfasiri wetu alimpa gubernator jina la nahodha, Wa Kilindini utamsamehe.

Kilichofuata mnakijua. Merikebu ilivunjika Malta.

Neno hilo liko pia 1 Wakorintho 12:28, kwenye orodha ya karama. Kigiriki ni kyberneseis. Sisi tunasoma "maongozi".

#20 Otieno wa Kondele
Kwa hivyo gubernator wa Biblia aliambiwa kuna shida, akapuuza, akaharibu chombo na mzigo wa watu? Hiyo kaunti ni gani, nisije nikataja yangu 😂

#21 Ndimu Kali
Lakini Pilato je? Si ndiye alikuwa gubernator wa Uyahudi? Kiingereza kinamwita "governor".

#22 Katekista
Hapana ndugu. Roma haikuwaita wakuu wa majimbo gubernator. Biblia ya Kilatini inamwita Pilato praeses. Na mwaka 1961 jiwe lilifukuliwa Kaisaria lenye jina lake, cheo kilichoandikwa juu yake ni praefectus. Gubernator alibaki chomboni, ingawa waandishi walipenda kumtumia kwa mfano wanapozungumzia watawala. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishafanya hivyo zamani, dola ni chombo na mtawala wa kweli ni yule anayejua nyota.

Sisi Pilato tunamwita liwali. Luka 3:1.

#23 Mlamu Halisi
Ahsante Katekista, umelileta lenyewe. LIWALI. Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja.

Neno tulikuwa nalo. Limetoka kwa Waarabu, al-wali, mtawala wa mji au jimbo. Pwani nzima ilikuwa na maliwali, wakiwakilisha Sultani wa Unguja, hata wakati wa Mwingereza, kwa sababu ule ukanda wa maili kumi ulihesabiwa wa Sultani hadi 1963. Mbarak Ali Hinawy alikuwa Liwali wa Pwani, wazee wetu wamemuona. Halafu 2010 tunaandika katiba, tunaunda kaunti 47, na wakuu wake tunawaita "gavana". Tulikosa nini?

#24 Otieno wa Kondele
Mzee wangu, mtu wa Kisumu hakuwahi kuwa na liwali. Hilo ni jina la Pwani na la enzi ya Sultani. Gavana sote tulikuwa tunamjua, hata kama tulimjua kwa ubaya.

#25 Mlamu Halisi
Gavana wa Mkoloni ni bora kuliko liwali? Haya basi.

#26 Wa Goma
Salamu kutoka Goma. Redio za huku Kongo mpaka leo unasikia "liwali wa jimbo". Na "gavana" pia unasikia, yote mawili tunaelewa. Kwa hiyo Mlamu usilie, neno lako halikufa, limehamia bara.

#27 Mwalimu Mstaafu
Kwetu Tanganyika gavana alikuwa mmoja tu, mwakilishi wa Malkia. Wa mwisho ni Turnbull, na baada ya 9 Desemba 1961 yeye huyohuyo akawa Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja, mpaka tulipopata Jamhuri. Baada ya hapo neno likahamia Benki Kuu, Edwin Mtei akawa wa kwanza mwaka 1966. Muulize kijana wa Kitanzania gavana ni nani, atakuonyesha sahihi kwenye noti.

#28 Fundi Dizeli
Nyie wasomi mmemsahau gavana wa kweli. Mashine ya kusaga kijijini ina gavana. Jenereta ina gavana. Basi lina gavana la kuzuia mwendo, Wakenya wanakumbuka matatu zilivyofungwa vidhibiti mwendo enzi za Waziri Michuki, 2004.

Kazi yake rahisi kueleza. Kuna vyuma viwili vizito vinazunguka na injini. Injini ikikimbia sana, vinafunguka kwenda nje, vinavuta mkono unaopunguza mafuta. Ikipungua, vinajikunja, mafuta yanaongezeka. Mahindi yakiwa mengi kwenye jiwe hutakiwi kugusa kitu, gavana analishughulikia. Aliyelivumbua ni James Watt, 1788.

#29 Mzee wa Pembezoni
Fundi, kazi umeieleza vizuri kuliko kitabu. Ila Watt hakulivumbua, alilihamisha. Wenye vinu vya upepo walikuwa tayari na kifaa cha namna hiyo cha kurekebisha mawe ya kusagia. Watt alilifunga kwenye injini ya mvuke, ndipo likajulikana. Kwa hiyo hilo gavana la mashine ya kusaga limerudi kwao.

#30 Fundi Dizeli
Sawa mkuu, nimekubali. Injini haikubali ubishi hata hivyo. Gavana likilegea, injini inapaa, na hapo hata Kilatini hakikusaidii. Nimeona moja imepasua bloku kwa sababu mwenye mashine alifunga mkono wa gavana kwa waya ili isage haraka.

#31 Mtu wa Seva
Fundi umenifungulia mlango. Mwaka 1948 Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alitafuta jina la elimu ya vitu vinavyojiongoza vyenyewe: mashine, mishipa ya fahamu, mizinga ya kutungulia ndege. Aliangalia nyuma akaona makala ya mwanafizikia Maxwell ya mwaka 1868 kuhusu hayo magavana ya injini. Akajua "governor" ni kybernetes aliyechakaa, akamrudisha alivyokuwa: "cybernetics", sisi tunasema saibanetiki. Kutoka hapo watu wakakata kipande cha mbele, "cyber", wakakibandika kwenye kila kitu.

Kwa hiyo saiba unapokwenda kuchapisha barua na gavana wa kaunti yako ni ndugu wa damu.

#32 Ndimu Kali
Hapa nimesimama nikapiga makofi peke yangu. Saiba na gavana??

#33 Katekista
Nyongeza ndogo: Ampère, yule wa umeme, alishatumia neno la Kifaransa "cybernétique" mwaka 1834, akimaanisha elimu ya kutawala nchi. Wiener hakuwa wa kwanza.

#34 Mtu wa Seva
Kweli, ila maana aliyoitumia Ampère haikushika. Na kwa wanaofanya kazi yangu: ule mfumo ulioanzishwa na Google wa kuongoza programu kwenye seva nyingi, uliotangazwa 2014, unaitwa Kubernetes. Nembo yake ni usukani wa meli wenye vishikio saba. Ofisini kwetu kila mtu analitamka anavyotaka.

#35 Baharia wa Chumbageni
Litamkeni kyvernitis. Lina V.

#36 Tarimbo
Umerudi 😂

#37 Mkaazi wa Ohio
Nawasoma kutoka Marekani. Huku neno hili ni la kila siku: majimbo 50, magavana 50, na kwenye chaguzi za katikati ya muhula wa rais 36 kati yao wanachaguliwa siku moja. Lakini hata Wamarekani wenyewe wanaliona la kuchekesha, kwa sababu ya "goober". Hilo ni jina la karanga kusini mwa nchi, na pia unamwita mtu bwege. Mtangazaji akisema "gubernatorial" watoto wanasikia bwege.

#38 Wa Goma
Goober! Hiyo ni nguba yetu. Kikongo karanga ni nguba, Kilingala vilevile. Watumwa walilivusha.

#39 Mkaazi wa Ohio
Ndiyo, kamusi za huku zinasema hivyohivyo.

#40 Sokwe Mstaarabu
Kwa hiyo #14 nilikaribia. Lilikuwa neno la Kibantu, nimekosea karanga tu.

#41 Kipanga wa Njombe
Swali ambalo hakuna aliyeligusa: kwa nini Wamarekani wanalipenda na Waingereza hawalitumii? Nimeishi Uingereza miaka kadhaa, sikulisikia kwa Mwingereza.

#42 Mama Twins wa Croydon
Huku gavana ni "guv'nor", bosi wa baa au wa gereji. Magavana wengine ni wa magereza na bodi za shule. Hakuna gavana wa jimbo wa kupigiwa kura, kwa hiyo hakuna kampeni ya kuitafutia sifa. Neno limekosa kazi.

#43 Tarimbo
Maelezo hayo yana mantiki, lakini tarehe inayabana. Miaka ya 1730, neno linapoanza kuonekana kwenye makoloni, magavana wengi walikuwa wa kuteuliwa na mfalme au na wenye koloni. Connecticut na Rhode Island ndiyo waliochagua wao wenyewe. Kwa hiyo uchaguzi haukulizaa, labda ulilikuza tu.

#44 Mwalimu Mstaafu
Lilizaliwa na wanasheria wa makoloni waliotaka kusikika kama Waroma. Nimesema tangu #6.

#45 Kalamu ya Nakuru
Nimewahi kukaa dawati la habari hapa Kenya, niwape upande wetu. Kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013 neno hili wasomaji wetu walilijua kutoka habari za Nigeria na Marekani. Nigeria wanalitumia tangu zamani, wana majimbo 36 na magavana wake. Halafu sisi kwa mpigo mmoja tukapata magavana na maseneta. "Senatorial" ikaja, na "gubernatorial" ikaifuata kwa sababu zinaimba pamoja. Mpiga kura ana karatasi sita, waandishi walitaka kila moja iwe na jina la heshima.

Kwenye kichwa cha habari ni balaa, herufi 13 dhidi ya 8 za "governor". Upande wa Kiswahili sikuwahi kupata shida: kinyang'anyiro cha ugavana, mwaniaji wa ugavana, basi.

#46 Bi Shumi
Kalamu, kuimba pamoja na "senatorial" ni sababu kweli? Maana "presidential" haiimbi na yeyote na ipo.

#47 Kalamu ya Nakuru
Ni sababu ya dawati la habari, dada. Saa tano usiku hakuna anayefungua kamusi.

#48 Mzee wa Pembezoni
Mimi bado nawaza suala la Waetruski. Nimemuuliza mtu anayesoma Kilatini kwa kazi, naye ananiambia gummi na gobius hazithibitishi kitu, huenda nazo zimepita hukohuko. Kwa hiyo mfano wangu wa #13 unaweza kushika pande zote mbili.

#49 Wa Kilindini
Wakati mnasubiri Waetruski, serahangi nayo ni ya Waajemi, sarhang, ilikuwa cheo cha jeshi. Na "serikali" pia, sarkar. Chomboni na ikulu tumekopa duka moja. Mwenye jina la mshika usukani lisilo la kukopa aliweke hapa, maana hata "usukani" ni sukkan ya Waarabu.

#50 Mlamu Halisi
Shikio. Wazee wa kwetu wanasema shikio la chombo.